Posa Mbili na Wagombea Watatu

Walthamstow, London
9 Septemba

Kaka yangu Msabaha,

Assalaam aleykum. Nakuandikia nikiwa mzima, na goti langu la kushoto nalo halijambo maadamu sijapanda ngazi. Mpwa wako Miska anakusalimu. Hakutamka, lakini nilipomwambia namwandikia mjomba wake alininyanyulia kidole gumba bila kuinua macho, na kwa vijana wa hapa hiyo ni salamu kamili. Namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na sote wawili tumezoea.

Utajiuliza kwa nini karatasi. Simu yangu anaishika Miska, kila ninachoandika anakisoma kwa sauti kisha anacheka. Na nikikupigia wewe, unaniweka kwenye spika hapo dukani kwako. Mara ya mwisho nilikuwa nakueleza habari za goti, nikasikia Mmarekani anayekunywa chai ananipa ushauri. Halafu jambo lenyewe ni la karatasi.

Nimeposwa. Nimeposwa mara mbili, kaka, ndani ya mwezi mmoja, mwanamke wa miaka hamsini na nane, mjane, mwenye goti. Baba hayupo na mtoto wa kiume sina, kwa hiyo walii wangu ni wewe, na bila neno lako hakuna sheikh atakayeniozesha. Barua zao nimezifunga humu kama zilivyokuja, kila moja na leso yake.

Leso nyeupe ni ya Bwana Ziyad wa Rayners Lane. Mstaafu wa ofisi ya manispaa, nyumba ni yake, mkewe alikwisha tangulia mbele ya haki. Anayeshughulikia posa ni dada yake, Bi Ghalia, na huko Rayners Lane wanawake wote wameshakubali kwa niaba yangu. Mtu mpole, hana la kusemwa.

Leso ya buluu ni ya Asad, Mpemba anayeuza masanduku ya safari hapa sokoni, mkabala na kibanda changu cha cherehani. Juu yake sina la kusema. Mwezi wa Juni upepo ulivuma, masanduku yake yakaanza kukimbia kwa magurudumu yao kuteremka soko zima, na yeye nyuma anayaita kwa majina. Moja nikalizuia kwa mguu, huohuo wa goti bovu. Alipofika, anahema, akanishukuru kwa kumwokoa Zipporah, maana ndiye mzazi wa yale madogo. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Lakini kama nilivyokwambia, sina la kusema.

Nataka uwajibu, mmoja ndiyo na mwengine hapana. Sitaki Ramadhani inikute na wachumba wawili. Mwanamke hasemi anamtaka nani, anaulizwa. Basi niulize.

Mdogo wako,
Sheikha

New Hampshire
3 Oktoba

Mdogo wangu Sheikha,

Waaleykumu ssalaam na rehema zote. Mimi mzima, duka zima, baridi bado iko mlangoni haijaingia. Pole na goti. Yule Mmarekani aliyekupa ushauri anaitwa Ian, na anauliza kama umejaribu barafu.

Barua yako imenikuta nimezama. Huu ni msimu wa kura. Unajua hawa, kabla ya kumchagua rais, kila chama kwanza kinawachuja watu wake chenyewe, jimbo baada ya jimbo, mpaka abaki mmoja. Huo ndio mchujo, na jimbo letu ni katika yale ya mwanzo kabisa. Sasa basi, kila anayeutaka urais anakuja huku kutushika mikono, na akishashika mikono anataka apigwe picha anakula kitu cha wananchi. Mji wetu mdogo, Sheikha, na kitu cha wananchi ni mandazi yangu.

Wagombea wako kumi na kitu, nitakutajia watatu waliokwisha fika dukani. Anayeongoza ni Gavana Ulrich, asilimia thelathini na moja kwenye kura za maoni. Mrefu, meno mengi. Alikula mandazi matatu akaomba mengine ya njiani. Nyuma yake Seneta Douglas, ishirini na nane, sauti kama ya redio. Huyu aliomba uma. Nikadhani sikusikia vizuri, akaomba na kisu. Wa tatu ni mama mmoja, Meya Alka, meya wa mji ambao hata Ian haujui. Asilimia mbili. Alikuja siku ya mvua, hana kamera hata moja, akakaa kwenye kiti cha dirishani akaniuliza nani alinifunza kupika. Nikamwambia mama yangu. Akauliza mama akiitwa nani. Maskini, hana nafasi yoyote.

Kila mmoja wakati wa kuondoka alinishika mkono akaniuliza kama anaweza kunitegemea. Hebu niambie, mtu yumo ndani ya duka lako, chakula chako bado kinywani mwake, utamjibu nini? Nikasema ndiyo. Kila mmoja akaniachia bango lake, na yote matatu nimeyachomeka mbele ya duka. Mleta barua anasema hajapata kuona.

Hizo posa nimezisoma. Mwandiko wa Bwana Ziyad mtu angeweza kuutia kwenye fremu. Ya Asad ina doa la chai, lakini imenichekesha, na nilipoirudia ikanichekesha tena. Usiwe na wasiwasi, nimeshawajibu wote wawili.

Kaka yako,
Msabaha

Walthamstow, London
22 Oktoba

Kaka Msabaha,

Salamu nyingi, na mshukuru Ian, barafu imesaidia. Miska kapandishwa cheo kazini na bado haoshi vyombo. Tumeingia kwenye mvua za kila siku.

Umewajibu nini?

Nauliza kwa sababu Jumapili Bwana Ziyad alifika na Bi Ghalia na utepe wa kupimia. Ana kabati la mninga alilolitoa Unguja, kubwa kama chumba, na Bi Ghalia anataka lije kwangu pamoja na mwenyewe. Akapima ukuta wa sebule, akapima tena, akasema halitaingia. Kama nisingemjua ni mtu mzito ningesema alifurahi. Nami nikaona haya, mgeni kaja kwako unamwonyesha nyumba ndogo, nikasema tutautoa mlango. Akautazama mlango. Kisha akakunja utepe wake taratibu akasema ahsante.

Jumatatu nafika sokoni, namkuta Asad kavaa suti ya kijivu katikati ya masanduku. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akanambia haendi popote, anaizoea tu, maana barua yako anayo mfukoni na umekubali. Kaka, na Ziyad naye anayo.

Hao wagombea wako nimewaona. Miska alinifungulia mdahalo kwenye kompyuta yake, kwa dhihaka, akadhani nitasinzia. Gavana na Seneta walikatizana maneno kama wanagombania foleni. Yule mama akangoja zamu yake. Wakamuuliza jambo fulani la mabenki akasema hajui, atauliza wanaojua. Nimeishi London zaidi ya miaka thelathini sijasikia mwanasiasa akisema hajui. Na mtu aliyeuliza jina la mama yetu, kura yangu ingekuwa yake, kama ningekuwa nayo. Usiniambie asilimia mbili ni kidogo. Asilimia mbili nao ni watu.

Sasa jibu swali langu. Na uniulize na wewe lako.

Sheikha

New Hampshire
2 Desemba

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwako na kwa Miska, na hongera ya cheo. Nisamehe nimechelewa. Kwanza theluji, kisha mashine ya kusukumia unga ikafa, kisha televisheni. Ndiyo, televisheni. Kuna kijana wa habari amegundua kuwa kila mgombea anayekula vizuri dukani kwangu anapanda, na anayekula vibaya anaporomoka. Sasa kila Alhamisi wananiweka mbele ya kaunta wananiuliza upepo unaelekea wapi. Nimenunua tai.

Hali ilivyo ni hivi. Ile picha ya Seneta Douglas na uma imezagaa nchi nzima. Kutoka ishirini na nane kashuka hadi kumi na tisa, na wiki hii kumi na nne. Alirudi akala kwa mkono, mbele ya kamera, lakini alilishika andazi kama mtu aliyepewa mtoto wa watu, ikawa mbaya zaidi. Gavana Ulrich yuko thelathini na nane. Meya Alka kafika nne, naona ni wewe.

Sasa la posa. Ndiyo, niliwaandikia ndiyo wote wawili. Usipandishe sauti. Mtu kakuandikia barua kwa adabu, kaifunga kwenye leso, kakuita ndugu. Nikichukua kalamu nimwandikie hapana, mkono unakataa. Nilidhani watachujana wenyewe. Ndivyo inavyokuwa huku, mmoja anaona hali yake mbaya, anasimama mbele ya watu anashukuru, anajitoa.

Na kwa tathmini yangu mimi kama mchambuzi, Ziyad anaongoza kwa mbali. Ana nyumba, ana pensheni, ana dada mwenye mikutano kila Jumamosi. Nampa asilimia sabini. Asad nampa sita, saba kama ataipiga pasi ile suti. Anayeongoza ndiye anayeongoza, Sheikha, hatuwezi kubishana na takwimu.

Ian anakusalimu.

Msabaha

Walthamstow, London
13 Desemba

Kwa mchambuzi Msabaha,

Waaleykumu ssalaam. Sisi wazima, na tai yako nimeiona, Miska alinionyesha. Haikukupendeza.

Nilikwambia mwanamke anaulizwa. Nimengoja tangu Septemba kuulizwa, umeniletea takwimu. Basi najisemea mwenyewe, na haya zangu nimeziweka chini ya mto. Namtaka Asad.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, sina kosa lake hata moja. Lakini miaka yote ile, nikimsimulia kichekesho alikuwa anasema "haya". Haya, Sheikha. Basi. Akarudi kwenye gazeti. Nikajifunza kucheka peke yangu jikoni nikiosha vyombo. Huyu Asad anacheka kabla sijafika mwisho. Wakati mwengine anacheka pasipo na kichekesho, ikanibidi nimwambie bado, ngoja, akafunga mdomo kama mtoto wa chuo cha Kurani akangoja. Nikiwa na mteja mgumu, wa zipu na malalamiko, najiambia vumilia, saa ya chai utamsimulia Asad. Nina furaha naye, kaka. Sikutegemea tena, na imekuja, nami sitaki inipite kwa sababu wewe unaona haya kuandika neno dogo.

Mwandikie Bwana Ziyad hapana. Mwandikie kwa heshima, lakini iwemo. Nitumie mimi nimkabidhi, tusije tukapitia kwa Bi Ghalia.

Na kama mchambuzi hajui, Meya Alka tangu jana ana tisa.

Sheikha

New Hampshire
3 Januari

Mdogo wangu Sheikha,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Niliifunga kaunta mchana kweupe. Hujanyosha maneno namna hiyo tangu ulipokuwa mdogo ukataka baiskeli yangu. Nina haya kwamba sikukuuliza. Sasa nimesikia, na nipo na wewe.

Humu ndani mna barua ya Bwana Ziyad. Nimeichana na kuiandika upya mpaka wino umeniishia. Nimeanza na salamu, nikawataja wazee wake, nikausifu mwandiko wake, nikamwombea kheri yeye na kabati lake. Kwenye ukurasa wa tatu, karibu na chini, nimesema kuwa riziki za watu zina milango mingi na huenda yake ikawa mlango mwengine, ila sisi daima ni ndugu na nyumba yetu ni yake. Naogopa nimekuwa mkali mno. Ukiona hivyo, mwombe radhi kwa niaba yangu.

Huku mambo yameniharibikia. Kura ni tarehe ishirini na tatu, Jumanne, na mkesha wake kila mgombea ana mkutano mjini kwetu. Watu wa Gavana wananitaka nipande jukwaani niseme niko naye. Wa Seneta hivyohivyo, wanasema nikisema mimi ile habari ya uma itasahaulika. Wa Meya Alka hawakutaka niseme kitu, waliomba mandazi tu, watalipia. Nimewakubalia wote, na mikutano yote ni saa moja ya jioni.

Gavana arubaini, Alka kumi na moja, Seneta kumi. Nifanye nini?

Msabaha

Walthamstow, London
13 Januari

Msabaha,

Salamu. Wazima.

Ile barua nilimkabidhi Bwana Ziyad mwenyewe, sebuleni kwangu, mara hii kaja bila dada yake. Aliisoma yote, mpaka ukurasa wa tatu. Alipomaliza akavua miwani, machozi yanamtoka. Akaweka mkono kifuani, akasema hajapata kuandikiwa barua njema kama ile maishani mwake. Akanywa kahawa vikombe viwili. Kesho yake akarudi na sinia la halua, kubwa, limefunikwa kawa ya rangi, amelibeba mwenyewe kutoka Rayners Lane kwa treni, akanambia ahsante, ahsante sana. Nami ningemfanya nini? Nikampokea nikamwambia karibu tena.

Mtu aliyekataliwa haleti halua. Umemkataa vizuri mpaka kaona amekubaliwa mara ya pili. Na Bi Ghalia ameshachagua ukumbi.

Hilo sinia alilipitisha katikati ya soko. Asad alimwona. Asubuhi yake nilifika na chai yangu, nikamkuta hana suti, kavaa koti lake la zamani. Akanambia, "Hongera, Bi Sheikha." Hajapata kuniita Bi, kaka. Kisha akanieleza, huku anapanga masanduku ambayo yalikuwa yameshapangwa, kuwa amepata nafasi Peckham, na mwezi ujao atahamia huko, kuna wateja wengi. Kutoka hapa hadi Peckham ni mbali kuliko Pemba. Nilirudi kibandani nikashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto.

Kwa hiyo sikiliza. Usinipigie, nimemwambia Miska asinipe simu. Usiniandikie mpaka uwe na cha kuniandikia. Nataka umwambie mtu mmoja hapana, kwa mdomo, anakutazama. Anza na hao Wamarekani, si ndugu zako, hawakuja na leso. Ukishaweza kwao, ndipo umpigie Bwana Ziyad. Ukishindwa, nitakwenda mwenyewe kwa sheikh nimwambie walii wangu ana ulimi wa kupokelea wageni tu.

Sheikha

New Hampshire
25 Januari

Mdogo wangu,

Nimeweza. Kaa chini, goti lipumzike, nikusimulie.

Jumatatu ya mkesha Gavana Ulrich alikuja dukani mwenyewe, na meno yake yote, na kamera nyuma yake. Akala andazi. Akaniwekea mkono begani akasema, mbele ya dunia nzima, "Leo usiku uko nami, siyo?" Ian akashusha kikombe. Nikafungua kinywa, na ile ndiyo ikaja mpaka kwenye meno, nikaiona barua yako yenye mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Nikasema, "Hapana, Gavana. Samahani. Lakini chukua na haya ya njiani."

Sheikha, hakufa. Mimi niliyedhani atazimia. Alinitazama, akacheka, akachukua mandazi akaenda zake. Na kesho yake akashinda. Thelathini na saba kwa mia. Ile hapana yangu niliyoibeba miaka sitini na tatu, niliyoiogopa kama deni la roho, haikumpunguzia mtu hata kura moja inayoonekana. Seneta Douglas naye nilimwambia hapana, kwa simu, na akawa wa pili, ishirini na mbili. Inasemekana watu wa uma na kisu walijitokeza kwa wingi. Televisheni wamenambia Alhamisi nisivae tai, hawanihitaji tena.

Jumanne niliingia kwenye kile kijichumba cha kura, pazia nyuma yangu, hakuna mgeni, hakuna anayenitazama. Nikampa kura Meya Alka. Kawa wa tatu jimboni, kumi na nne kwa mia, ila katika mji wetu kawa wa kwanza. Nilipotoka nilitaka kulia, sijui kwa nini, baridi labda.

Palepale nje, theluji inaniingia viatuni, nikampigia Bwana Ziyad. Nilisema haraka kabla hajanikaribisha. Nikasema Bwana Ziyad, jawabu ni hapana, dada yangu anamtaka mwengine, nisamehe. Nikadhani simu imekatika. Kisha nikamsikia anapumua, akaniambia, "Bwana Msabaha, si ulishanikataa? Ukurasa wa tatu."

Alikuwa ameelewa, Sheikha. Aliuelewa ukurasa wa tatu vizuri kabisa, na yale machozi yalikuwa ya kushukuru. Yeye hakutaka kuoa. Bi Ghalia na wanawake wa Rayners Lane walimkalia kitako mwaka mzima, akashindwa kuwaambia hapana, akaandika posa akitegemea sisi ndio tutakataa. Mimi nikamwandikia ndiyo. Akaja na utepe akijua kabati halitaingia, wewe ukataka kutoa mlango. Barua yangu ilipomkataa, akaleta halua kukushukuru, wewe ukamwambia karibu tena, naye akarudi kwao akiamini kuwa sasa ni wewe usiyekubali kukataliwa. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alikuwa anaongoza, maskini, na hakuna aliyemuuliza kama anagombea. Tulicheka mpaka watu waliokuja kupiga kura wakasimama kunitazama. Ya Bi Ghalia ameniahidi atamweleza mwenyewe, na nikamfundisha namna. Fungua kinywa, nikamwambia, na umpe kitu cha njiani.

Nilikupigia mara moja. Miska akapokea akanambia kwa Kiingereza chake kuwa mama yuko katika mgomo. Kwa hiyo ni karatasi. Njia iko wazi. Kazi iliyobaki siwezi kukufanyia kutoka huku.

Kaka yako aliyekataa,
Msabaha

Walthamstow, London
4 Februari

Kaka yangu mpenzi,

Assalaam aleykum, na mgomo umekwisha. Nimezima, nimewaka, nimecheka, nimelia, kwa mpangilio huo. Miska nilimsomea barua yako yote kwa sauti, nikalipa kisasi cha simu. Nilipofika kwenye kabati alijitupa kwenye zulia. Kisha akanikumbatia akasema kwa Kiswahili, "Nenda, mama." Maneno mawili, na lafudhi ya ajabu, lakini nimeyasikia.

Nikaenda. Na usinicheke. Mimi niliyekupigia makelele tangu Oktoba kuhusu kunyosha maneno, nilisimama mbele ya masanduku ya Asad nikaanza kuuliza bei. Nikauliza la kijani, nikauliza la jekundu. Nikafungua zipu nikafunga zipu. Yeye ananijibu kwa adabu, Bi Sheikha hivi, Bi Sheikha vile, na vitu vyake nusu vimeshafungwa kwenye maboksi ya kwenda Peckham. Nikamshika Zipporah mkono wake wa kuvutia, nikasema nalitaka hili. Akanitazama. Akaniuliza kama nasafiri.

Nikamwambia, "Hapana. Sanduku sina kazi nalo. Nimekuja kumchukua muuzaji."

Akacheka, kaka. Mara hii alingoja mpaka mwisho ndipo akacheka, kisha akageuka akajifanya anatafuta karatasi ya kufungia, na mabega yanamtikisika, na nilijua si kicheko tena. Alipogeuka alikuwa kanirudishia jina langu, Sheikha tupu. Maboksi tumeyafungua pamoja mchana huohuo. Suti bado anayo. Nitaipunguza mikono.

Bwana Ziyad alimweleza dada yake kweli. Bi Ghalia alinuna wiki nzima, sasa anamtafutia mtu mwengine, na yeye kila anapotajiwa mtu anasema hapana. Anasema tamu kama halua.

Meya Alka nimesikia jana amejitoa. Alisimama akawashukuru watu wake wote. Miska aliniletea chai. Nililia kidogo, na sioni haya. Mwambie, kama atapita tena dukani, kuwa mama yetu alikuwa na binti London, na huyo alikuwa katika wale wawili kwa mia wa mwanzo.

Nikaha ni Ijumaa ya pili ya Shaaban, na wewe utakuja, mlango wa duka mwachie Ian. Usilete bango wala tai. Sheikh atakugeukia mbele ya watu wote akuulize kama umeridhia kuniozesha kwa Asad. Asad atakuwa anakutazama, kavaa vizuri, moyo mkononi, na sisi wanawake nyuma ya pazia tumenyamaza kusikiliza. Na wewe, kaka, utamjibu kama ulivyozoea kuwajibu wageni wako wote.

Mdogo wako,
Sheikha